Kufunga

Nimefunga duka mapema leo.
Komeo la juu kwanza, kisha la chini,
kisha nikautikisa mlango,
vile nilivyomfunza Nasibu.
Mwezi kumi na tisa Ramadhani: mimi pia nimefunga.
Na huko mbele ya Shanzu, Shimo la Tewa,
Nasibu amefungwa kwa ajili yangu.
Neno moja hilo, nalibeba mara tatu
nikipanda Mtaa wa Biashara na jua la alasiri utosini.

Doti kumi na moja za leso.
Nilihesabu mimi, akahesabu polisi,
kiongozi wa mashtaka akasema kumi na mbili,
nikamsahihisha mbele ya hakimu.
Haki ni haki, hata ya mwizi.
Shilingi elfu saba na mia saba, bei ya jumla.
"Una la kusema?"
Akasema mamake ana sukari,
akanitazama mimi, si hakimu,
kama aombaye ruhusa atoke kidogo akaswali.
Nikatazama viatu vyangu.
Faini elfu thelathini, au miezi minane.
Kijana ameiba kwa kukosa elfu nne,
aambiwa atoe thelathini!

Usidhani nimekuwa walii.
Aliniuma.
Miaka mitatu tumekula sinia moja,
funguo nilimpa yeye kabla ya mwanangu wa kumzaa.
Hadi leo nikiliona lile pengo la rafu, damu yanichemka.
"Usipomfunga mmoja, kesho mtaa mzima utaibiwa."
Nani alisema? Mimi.
Barazani, kikombe cha kahawa mkononi,
na watu wakaitikia.

Basi sikiza hesabu ya muuza duka,
ya sheria siijui.
Leso zangu zi stoo ya korti, kielelezo namba moja,
zinaota ukungu.
Nasibu analala ubavuni mwa mtu aliyekata mtu kwa panga.
Atanirudia na elimu gani?
Ugali wake watoka katika kodi yangu.
Na Bi Mwanatumu, mamake, kila Alhamisi avuka kivuko cha Likoni,
aja aketi kizingitini pangu.
Halii, hanilaani.
Mguu mmoja umefungwa bendeji
(neno lenyewe tena, haliniachi).
Nampa pesa za sindano.
Nimeibiwa, nikatozwa, na sasa nalea.
Angalikuwa hapa ningemkata mia kwa siku,
siku sabini na saba, tukawa hatudaiani.
Afagie baraza, apime leso,
kila mteja aingiaye ajua, naye ajua kuwa ajua.
Hiyo ndiyo jela ya mtu mwenye haya,
wala haihitaji ukuta.

Juzi nilikwenda kumwona.
Kichwa kimenyolewa, shingo imekuwa ya kuku.
Njia nzima nilikuwa na swali moja:
kwa nini hukuniomba?
Halikutoka.
Yeye ndiye aliyeuliza:
"Komeo la juu bado lakwama?"
"Bado."
"Tia mafuta ya nazi. Kidogo tu, yasichuruzike kwenye leso nyeupe."

Nimeagiza toleo jipya, jina lake nimelitunga mwenyewe:
DENI HALIFUNGWI JELA, DENI HULIPWA NA MTU.
Mama mmoja wa Kibokoni akalisoma, akacheka,
akadhani ni fumbo la kumtupia mke mwenza.
Akachukua doti mbili.

Adhana hiyo.
Nafungua kwa tende,
zile zile nilizompelekea Nasibu.
Askari wa langoni alizihesabu, saba,
akanirudishia zote:
chakula cha nje hakiruhusiwi.
Tamu.
Lakini hazishuki.